Kwa nini wasaka nyutrino na wasaka maada ya giza huketi darasa moja

Lifti ya mgodi wa nikeli wa Creighton, nje kidogo ya Sudbury nchini Kanada, haibebi wachimbaji peke yao. Humo hupanda pia wanafizikia wanaoshuka kilomita 2 ardhini hadi maabara ya SNOLAB. Wakitoka kwenye lifti hutembea kwenye njia ya vumbi ya mgodi, na mlangoni mwa maabara kila mmoja huvua, huoga na kuvaa nguo nyingine safi. Vumbi la mwamba lina urani na thori (elementi zitoazo mionzi) kidogo sana, lakini kidogo hicho kinatosha kuvuruga vipimo.

SNOLAB, pamoja na taasisi za fizikia za TRIUMF na Perimeter za hukohuko Kanada, huandaa shule ya kiangazi kwa wanafizikia chipukizi. Huko hukutana wanaochunguza nyutrino na wanaosaka maada ya giza. Wanafunzi huniuliza kwa nini mambo haya mawili hufundishwa kwa pamoja. Jibu liko kwenye mwamba ule.

Nyutrino ni chembe nyepesi mno, isiyo na chaji ya umeme. Zinazotoka Juani pekee, takriban bilioni 60 hupenya ukucha wa kidole gumba chako kila sekunde, bila wewe kuhisi chochote. (Usiku zinakujia kutoka chini ya miguu, zikiwa zimeshaipenya Dunia nzima.)

Maada ya giza hatujawahi kuinasa. Tunaitambua kwa uvutano wake: mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky aliona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi mno kuweza kushikiliwa na uzito unaoonekana. Kwa hesabu za leo inaizidi maada ya kawaida karibu mara 5.

Juu ya ardhi, chembe zitokazo angani hugonga vifaa bila kukoma. Mwamba huzizuia karibu zote, ila nyutrino haizuiliki. Kwa anayeisaka, hiyo ni heri: palepale Creighton, tangi la tani 1,000 za maji mazito (maji yenye hidrojeni ya aina nzito) lilionyesha mwaka 2001 na 2002 kwamba nyutrino za Jua hubadilika aina zikiwa safarini, na kiongozi wa jaribio hilo, Arthur McDonald, akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2015 na Takaaki Kajita wa Japani. Kwa anayesaka maada ya giza, mgeni huyu ni usumbufu.

Hadi juzijuzi usumbufu huo ulikuwa wa kwenye karatasi tu. Vitambuzi vikubwa vya maada ya giza ni matangi ya zenoni ya kimiminika, yanayosubiri kiini kimoja cha atomu kisukumwe kidogo. Mwaka 2024, XENONnT chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia na PandaX-4T kule Jinping, China, vilitoa dalili za kwanza za misukumo iliyotokana na nyutrino za Jua. Msukumo huo hufanana mno na ule ambao ungetolewa na chembe ya maada ya giza yenye uzito wa karibu protoni 6. Ukiona mgongano mmoja, huwezi kusema nani kagonga.

Awali mpaka huu, ambapo nyutrino huanza kuificha maada ya giza, uliitwa sakafu ya nyutrino. Sasa wengi husema ukungu, nami napendelea neno hilo, maana sakafu humaliza safari, lakini penye ukungu dereva huwasha taa na kupunguza mwendo. Taa mojawapo ni mwelekeo. Nyutrino hizi hutoka upande wa Jua, ilhali maada ya giza ingetujia zaidi kutoka upande wa kundinyota la Cygnus, kwa kuwa huko ndiko Jua linakoelekea likizunguka galaksi yetu. Anayebuni kitambuzi cha kupima mwelekeo huo hana budi kuijua nyutrino vizuri. Na mtaalamu wa nyutrino naye amepata chombo kipya cha kuchungulia ndani ya Jua.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya mbali. Mwaka 1965 kundi la wanafizikia Frederick Reines na Friedel Sellschop lilinasa nyutrino zilizozaliwa angani, ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini. Na Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi Yake, iliyoanzia Stellenbosch mwaka 2010, ilifanyika Kigali mwaka 2016. Mwanafunzi anayetaka kuomba nafasi aanze mapema na takwimu na uandishi wa programu za kompyuta, kwa sababu swali la nani kagonga hujibiwa kwa hesabu za uwezekano, mgongano baada ya mgongano.