Sonona Imepungua, Mbona Usingizi Haujarudi?

Natibiwa sonona. Huzuni imepungua, hamu ya kula imerudi, lakini kila siku saa tisa usiku macho yanafunguka yenyewe. Je, nimepona?

Umepiga hatua kubwa, ila bado hujafika. Usingizi mbovu ni miongoni mwa dalili zinazong'ang'ania wakati nyingine zimeshaondoka, na anayebaki nao yuko katika hatari zaidi ya kuugua tena. Usimfiche daktari ukidhani ni jambo dogo. Mweleze unalala saa ngapi, unashtuka mara ngapi, na asubuhi unaamkaje.

Kwani ubongo hufanya nini usiku?

Hufanya kazi nyingi. Tangu Hans Berger wa Ujerumani alipochapisha, mwaka 1929, michoro ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu, wataalamu wameweza kuufuatilia hata tukiwa tumelala. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90: kuna usingizi mzito, wenye mawimbi makubwa ya polepole, na kuna usingizi wa ndoto, macho yakichezacheza chini ya kope.

Kwa wengi wenye sonona mpangilio huo huvurugika. Usingizi mzito hupungua, ule wa ndoto huwahi kuja. Ndiyo maana mtu hujinyoosha kitandani usiku kucha, akaamka amechoka kama aliyekesha. Huo si uvivu, na inaniuma kila ninaposikia mgonjwa akiitwa mvivu.

Kukosa usingizi pia hulegeza mawasiliano kati ya amigdala, sehemu ndogo inayosisimka kwa hofu, na sehemu ya mbele ya ubongo inayoituliza. Neno ambalo jana ungelipuuza, leo linakuchoma.

Nimesikia kukesha usiku mmoja huondoa huzuni. Nijaribu?

Hapana, usijaribu peke yako bila daktari. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kweli, lakini kwa wengi huzuni hurudi wakishalala. Kwa mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kukesha kunaweza kumtia katika msisimko wa hatari.

Basi nifanye nini?

Omba tiba ya kisaikolojia inayolenga hasa kukosa usingizi. Mara nyingi hupunguza na sonona yenyewe. Nyumbani, amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukigaagaa kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Na saa igeuzie ukutani: kuhesabu dakika zilizobaki kunaufukuza usingizi wenyewe. Pombe huleta lepe la haraka, kisha huukatakata usingizi. Dawa usiache ghafla. Pengine daktari atabadilisha tu muda wa kuimeza.

Na usiku mawazo ya kujiua yakinijia?

Usisubiri kupambazuke. Mwamshe mtu wa karibu, mwambie waziwazi, akae ubavuni mwako mpaka mfike hospitali.