Je, Wajua Kwa Nini Kamera ya Uwanjani Haikuombi Ruhusa, Lakini Tangazo la Bia Linapaswa Kukuomba?

Novemba 1973, mjini Cleveland, Marekani. Pittsburgh Steelers, timu ya mpira wa Kimarekani, wamekuja ugenini, na kundi la mashabiki wao limepanda juu ya paa la kibanda cha wachezaji, bendera mkononi na bia kichwani. Anatokea mpigapicha. Wanamuuliza anafanyia nani kazi, anawajibu kuwa ni jarida la Sports Illustrated. Hapo sasa mbwembwe zikapanda: huyu anaruka, yule anapunga bendera, kila mmoja anataka aonekane yeye. Jamaa akawapiga picha kama 30 hivi, akaenda zake.

Mwaka uliofuata jarida likatoka na makala kuhusu mapenzi ya ajabu ya mashabiki wa timu hiyo. Kutoka kwenye maelfu ya picha zilizopigwa msimu ule, mojawapo ya zilizochaguliwa ilikuwa ya shabiki mmoja wa lile kundi, zipu ya suruali yake imefunguka. Haikuonyesha kitu cha kumpeleka mtu polisi, ila ilitosha kabisa kumfanya achekwe na kila anayemjua. Akashtaki. Mwaka 1976 mahakama ikamwambia, kwa lugha ya staha, kwamba wahariri walitakiwa kusita kuichapa picha ile ilhali walikuwa na nyingine tele za aina hiyo, lakini kukosa staha si kosa la kisheria. Alikuwa mahali pa hadhara, alijua anapigwa picha, tena kwa hiari yake alijitangaza mbele ya kamera. Na jarida kuuzwa kwa pesa hakuifanyi kila picha iliyomo ndani kuwa tangazo la biashara.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba jibu la swali letu. Watu wengi wakinaswa na kamera uwanjani hujiuliza, “Mbona wamenipiga bila kuniomba?” Kisheria swali hilo lina uzito kidogo sana. Swali lenye nguvu ni hili: baada ya kupigwa, sura yako imepewa kazi gani?

Chukua Jumamosi ya dabi pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Umekaa mzunguko, kwenye viti vya bei nafuu, umejipaka rangi usoni, timu yako imefungwa dakika ya 89 na machozi yanakutoka. Kamera ya televisheni inakuvuta karibu kwa sekunde tatu. Nchi nzima imekuona, shemeji yako wa Mwanza ameshapiga simu kukucheka. Kazi ya sura yako hapo ni kusimulia mechi. Wewe ni sehemu ya tukio kama lilivyo goli lenyewe, na hakuna mtangazaji anayeweza kuzunguka na karatasi za kusaini kwa watu elfu sitini.

Sasa tuseme Jumatatu asubuhi sura ileile, machozi yaleyale, iko kwenye ukurasa wa kampuni ya kubashiri na maneno: “Mkeka umechanika? Weka mwingine sasa hivi.” Picha ni ileile, ila kazi imebadilika. Juzi ulikuwa shabiki. Leo umegeuzwa mchuuzi wa bidhaa ambayo huenda hujawahi hata kuigusa, na ujira hupati.

Tofauti hii haikubuniwa na watu wa mitandao. Ina zaidi ya miaka 120, na ilianzia kwenye unga wa ngano. Msichana wa jimbo la New York, Abigail Roberson, alikuta sura yake kwenye mabango ya kampuni ya unga, nakala zipatazo 25,000, zimebandikwa madukani na hata kwenye baa. Hakuna aliyemuuliza. Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililowachanganya baadhi ya watu: analalamika nini wakati amependeza? Mwaka 1902 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilimkatalia kwa kura 4 dhidi ya 3, ikisema hakuna sheria inayomlinda. Wananchi wakawaka, na mwaka 1903 bunge la jimbo likatunga sheria inayokataza kutumia jina au picha ya mtu kwa matangazo au biashara bila ridhaa yake ya maandishi. Inatumika mpaka leo.

Utamu wa kisa hiki uko mbele kidogo. Alton Parker, jaji aliyeandika hukumu ile, aligombea urais wa Marekani mwaka 1904. Wapigapicha wakamwandama yeye na familia yake hadi akalalamika kwamba ana haki ya kuachwa apumzike. Roberson akamwandikia barua ya wazi kumkumbusha kwamba, kwa hukumu yake mwenyewe, haki hiyo haipo.

Kwa hiyo pande hizi mbili, zipu ya Cleveland na unga wa New York, ndizo zinazotuonyesha mpaka ulipo. Habari na urushaji wa mechi upande huu, kuuza bidhaa upande ule. Mgogoro uko pale katikati, na pale katikati ndipo klabu, ligi na wadhamini wanapopenda kusimama.

Silaha yao kubwa ni tiketi. Kanuni za viwanja vya klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zinasema wazi kwamba kila anayeingia anakubali kuwa anaweza kupigwa picha na kurekodiwa, na kwamba picha hizo zinaweza kutumika kwenye televisheni na pia kwa kujitangaza na kutafuta soko. Masharti ya tiketi za FIFA kwa Kombe la Dunia nayo yanafuata njia hiyohiyo: ukinunua, umeruhusu sauti na sura yako itumike bila malipo. Kwa maneno mengine, hukuombwa ruhusa kwa sababu wanasema ulishaitoa siku unalipia.

Mimi hoja hii hainiingii akilini kirahisi, hasa huku kwetu. Ni nani aliyewahi kusoma masharti ya tiketi? Dar es Salaam wengi tunaingia uwanjani kwa kugusisha N-Card, ile kadi ya kielektroniki, getini, foleni ndefu nyuma yako na askari anakuhimiza uharakishe. Hakuna hata kikaratasi cha kugeuza usome kilichoandikwa nyuma. Kusema kwamba katika sekunde ile nimekubali sura yangu iuze bia ni kunibebesha mzigo nisioujua.

Na sheria za ukanda huu, ukizisoma kwa utulivu, haziipi hoja hiyo nguvu sana. Kenya ndiyo iliyoandika waziwazi zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia data binafsi za mtu kibiashara isipokuwa ametoa idhini ya wazi, au kuwe na sheria inayoruhusu na yeye awe amejulishwa. Sura inayotambulika ni data binafsi. Idhini ya wazi si ile ya kubahatisha kwamba “kama amekuja, basi amekubali”. Sheria inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: anayetumia data kibiashara, pale inapowezekana, aifiche ili mtu asitambulike. Uandishi wa habari umewekewa mlango wake katika sheria hiyohiyo, na ndiyo maana kamera ya mechi inapita bila shida.

Haya si maneno ya kwenye karatasi tu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza Casa Vera Lounge, ukumbi wa starehe wa Nairobi, faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha bila idhini yake. Siku hizohizo shule moja ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Baa si uwanja, lakini mazingira hayapishani sana: umelipa kiingilio, umekuja kufurahi, watu wamekuona, kisha mwenye eneo akaifanya furaha yako kuwa bango lake. Kama mteja wa baa ana kinga, sioni kwa nini shabiki wa mzunguko akose.

Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya mwaka 2017, ilieleza mambo matatu ambayo mlalamikaji anatakiwa kuyathibitisha: kwamba kilichotumika ni kitu kinachomtambulisha yeye, kwamba kimetumika kwa kujinufaisha, na kwamba hakutoa idhini. La kwanza ndilo linalowaangusha mashabiki wengi. Picha ya jukwaa zima, vichwa elfu tano kama punje za mtama, hata ikitumika kuuza soda, wewe utajionyesha vipi? Lakini kamera ikikuvuta mpaka vinyweleo vya ndevu vinahesabika, hapo umeshatoka kwenye umati, umekuwa mtu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Msingi wake ni uleule: taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na zisihamishiwe kwenye lengo jingine kimyakimya. Uganda ilitunga yake mwaka 2019. Ukiuweka msingi huo kwenye mfano wetu, lengo la awali lilikuwa kurusha dabi. Mkeka wa Jumatatu ni lengo jipya kabisa.

Kuna utetezi mmoja ambao kampuni huutoa kwa kujiamini, na shabiki akiusikia ananywea: “Picha hii tumeinunua.” Inaweza kuwa kweli. Mpigapicha ana hakimiliki ya picha, naye anaweza kuiuza. Ila alichouza ni kazi ya mikono yake, hakuuza ridhaa yako, kwa kuwa hakuwa nayo. Ndiyo maana mawakala wakubwa wa picha duniani hutenganisha picha za matumizi ya habari pekee na zile ambazo aliyepigwa amesaini fomu ya kukubali zitumike kwenye matangazo. Picha nyingi za mashabiki zipo kwenye fungu la kwanza. Mtu wa masoko anayeichukua ya habari akaiwekea nembo ya bidhaa amevuka mpaka hata kama ana risiti mfukoni.

Kisha kuna ujanja wa utani. Kampuni haisemi “nunua”. Inaweka uso wako uliokunjamana na maneno ya kuchekesha, watu wanacheka na kusambaza, nembo iko kule pembeni imetulia. Ukiwauliza, watakwambia ni utani tu wa mpira. Kwa maoni yangu ukurasa wa kampuni hauna utani wa bure. Anayeuendesha analipwa mshahara ili watu waikumbuke bidhaa.

Tusijidanganye pia kwamba shabiki hana thamani sokoni. Mwaka 2020 viwanja vilipofungwa kwa sababu ya Uviko, mechi za Ulaya zilirushwa na kelele za kurekodiwa kwa sababu mpira bila watu ulionekana kama mazoezi. Ujerumani, mashabiki wa Borussia Mönchengladbach walilipa euro 19 kila mmoja ili picha zao zikatwe kwenye maboksi na kusimamishwa vitini. Walilipa wao! Hapa nyumbani, Azam Media na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za kurusha Ligi Kuu. Jaribu kuwaza mkataba huo ungekuwa wa shilingi ngapi kama jukwaa lingekuwa tupu kila wiki.

Na wapo mashabiki ambao sura yao ni sanaa kabisa. Kwenye AFCON ya Morocco, Wakongo walikuwa na yule shabiki aliyesimama tuli mechi nzima, suti mwilini, mkono wa kulia ameuinua kama sanamu ya Patrice Lumumba. Kamera zilimrudia kila mechi, na haki yao ya kufanya hivyo haina ubishi, maana alikuwa habari. Lakini mtu kama yule akibandikwa kwenye katoni ya maziwa bila makubaliano, anakuwa na kesi nyepesi kuliko mimi na wewe: anatambulika na dunia nzima, na alichochukuliwa ni kitu alichokitengeneza kwa jasho lake.

AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Tiketi zitakuja na masharti marefu kwenye simu na kisanduku cha kubofya “nakubali”, na ndani yake tarajia aya ya sura na sauti. Ukiikuta, angalia kama inaishia kwa mwandaaji au inataja na wadhamini wake.

Ikikutokea umejiona kwenye tangazo, kabla hujapiga simu kulalamika, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa, tarehe na nembo, na uihifadhi kwa mtu mwingine pia, kwa sababu tangazo huwa linafutwa dakika kumi baada ya simu ya kwanza. Tafuta picha ya mechi yenyewe ili ulinganishe nguo na kiti ulichokaa. Andika barua au barua pepe kwa kampuni, uwaulize swali moja tu: ridhaa yangu mliipata wapi, lini, naomba nakala. Wakikaa kimya, au wakikujibu kwamba “ulikuwa hadharani”, jibu hilo nalo lihifadhi uende nalo kwa Tume au kwa Kamishna.