Akisema hataki kujengewa titi jipya, amesema

Mimi ni daktari wa upasuaji, kazi yangu kubwa ni saratani ya titi, na kuna jambo linanikera miaka yote. Mwanamke akisema "dokta, toa titi, nishone flati, kifua kibaki bapa, mengine sitaki", wengi wetu tunamuuliza tena na tena, tunataka mume aje, tunamwambia akafikirie kwanza, yaani kama hajaelewa swali vile. Anayetaka kujengewa titi jipya hatumsumbui hivyo hata siku moja.

Na wanaokataa sababu zao ziko wazi kabisa ukikaa ukawasikiliza. Kujenga titi upya mara nyingi sio operesheni moja. Njia ya kupandikizwa titi la silikoni kwa wengi inaanza na kifuko chini ya ngozi kinachojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo wiki baada ya wiki mpaka ngozi itanuke, afu unarudi tena kukatwa kubadilishiwa, na silikoni yenyewe sio ya maisha, iko siku inaweza kuhitaji kutolewa. Ukiwa umepigwa mionzi hatari inaongezeka, kovu linaizunguka linakaza titi linakuwa gumu na linauma. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan ilirudisha silikoni zake zenye uso wa kukwaruza kutoka sokoni dunia nzima kwa sababu zilihusishwa na limfoma fulani ya nadra, yaani saratani ya mfumo wa limfu, na wapo wagonjwa wanalijua hilo kuliko hata manesi. Njia nyingine ni kuchukua nyama ya tumboni kutengenezea titi, hapo ni masaa mengi ya usingizi na kidonda cha pili cha kuuguza. Na baada ya yote hayo titi jipya kwa kawaida halirudishi hisia za lile la zamani. Kuna mama aliniambia anataka kurudi kubeba wajukuu, basi. Sikuona cha kubishana hapo.

Mwaka 2021 Deanna Attai, daktari wa upasuaji wa matiti, na wenzake wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles Marekani, walitoa utafiti wa wanawake 931 waliobaki flati, asilimia 74 waliridhika. Wengi walipatikana kwenye makundi yao ya mtandaoni kwa hiyo usiibebe hiyo namba kama ya wanawake wote, lakini kilichonigusa ni hiki, zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano walikutana na daktari asiyeunga mkono uamuzi wao, na hao ndo walielekea zaidi kutoridhika.

Kuna madaktari wanaacha ngozi ya ziada kwa makusudi, eti akibadilisha mawazo. Mtu amesema flati, anaamka anakuta kifua kina mikunjo! Hilo kwangu ni kosa la kitabibu, sio huruma.

Kushona flati vizuri ni kazi, na inataka mtu aipange. Mimi nachora mistari kwa kalamu mgonjwa akiwa amekaa wima, mikono chini, kwa sababu akilala ile nyama ya pembeni inaangukia mgongoni huioni. Usipoihesabu, akipona akasimama inarudi kwapani, kinundu kinaning'inia, kila akishusha mkono unakisugua, sidiria inakikata, jasho, vipele. Hicho hakukichagua.

Sisemi kubaki flati ni rahisi. Mipira ya kutoa majimaji utakaa nayo, ganzi ya kifua ipo, wengine titi lisilokuwepo linawawasha usiku, na kioo cha siku za mwanzo ni kigumu kwa karibu kila mtu. Wapo wanaovaa titi bandia wakienda kazini wakirudi wanalivua, wapo waliotolewa moja wakaomba na la pili litoke ili wawe sawa, hiyo inataka mazungumzo marefu zaidi kwa sababu kwa wengi haiongezi miaka ya kuishi.

Kama operesheni yako inakuja, mwambie daktari wazi kwamba unataka flati, omba iandikwe kwenye fomu ya ridhaa, muulize pembeni kwapani atamaliziaje na akuonyeshe picha za aliowashona. Akianza kuzungukazunguka tafuta maoni ya daktari mwingine, siku chache za kumtafuta kwa kawaida hazibadilishi matibabu. Na kama tayari umeshonwa vibaya usikae na kinundu ukidhani ndo basi tena, kinarekebishika kwa operesheni ndogo makovu yakishatulia, ila kama ulipata mionzi subiri zaidi maana ngozi hiyo inachelewa kupona.