Mtoe Nje Kwanza Aliyemleta: Maswali na Majibu Kuhusu Ukatili wa Nyumbani na Kliniki ya Akili

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Dodoma, na huwa nawafundisha wenzangu wa zahanati na vituo vya afya namna ya kumtambua mgonjwa anayeteswa nyumbani. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara, awe anayeuliza anatoka Bahi, Mpwapwa au Kondoa. Mengi nimeyajibu kwa kifupi. Moja nimelirudia, kwa sababu kila nikidhani limeeleweka, wiki inayofuata naletewa mama aliyehojiwa mume akiwa amekaa pembeni yake.

Ukatili wa nyumbani ni nini hasa?

Ni mtu wa ndani ya nyumba kumtawala mwenzake kwa kipigo, kwa kumlazimisha tendo la ndoa, kwa matusi na vitisho, au kwa kumnyima pesa, simu na ruhusa ya kutoka. Si lazima pawe na kovu. Na kwa wale wanaoniambia kwamba mume ana haki ya kumrudi mkewe: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine.

Hilo si jambo la polisi na ustawi wa jamii? Sisi wa afya ya akili linatuhusu nini?

Linatuhusu kwa sababu wengi wanaoteswa nyumbani hawafiki polisi. Wanafika kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu walipotimiza miaka 15. Hao ni wanawake wa kawaida, mtaani. Sasa wewe unayekaa kliniki ya akili, anakokuja asiyelala na anayelia bila sababu, ukiniambia hujawahi kukutana na mgonjwa wa aina hiyo, nakujibu umekutana naye sana. Hukumuuliza.

Haji akasema "napigwa". Anakuja na kichwa kinachojaa, moyo unaokwenda mbio, mwili unaochomachoma, usingizi uliokata. Anashtuka mlango ukigongwa. Mwingine analetwa amekunywa sumu ya panya na ndugu wanasema ni hasira tu za wanawake. Mwingine ameshazungushwa kwa waganga wawili watatu, imeonekana ana majini, amechinjiwa kuku, na bado halali. Nimewahi kufungua faili la mama aliyetumia amitriptilini, dawa ya sonona, miaka minne. Dozi imepandishwa mara tatu. Katika faili zima hakuna mtu aliyeandika kwamba amemuuliza hali ya nyumbani kwake ikoje.

Sisemi dawa ni mbaya. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, inatibiwa na dawa zinasaidia. Ila mtu anayerudi kila jioni kwenye kitu kinachomuumiza, dozi haitamaliza. Na kwa diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, naomba mfikirie mara mbili: mwanamke aliyelala kama gogo hasikii mlango ukifunguliwa usiku.

Nimuulize kila mgonjwa?

Ukiona sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, jaribio la kujiua, ulevi ulioanza ghafla, au majeraha yasiyolingana na maelezo yake, uliza. Kwenye kliniki yetu hiyo ni karibu kila mtu. Swali si gumu: "Mama, wagonjwa wengi wenye shida kama yako huwa wana mtu nyumbani anayewatisha au kuwaumiza. Kwako hali ikoje?" Halafu nyamaza. Usimjazie jibu.

Kuna sharti moja tu: awe peke yake.

Lakini mume ndiye aliyemleta, ndiye analipa, na ndiye anayejua historia. Nimtoe nje?

Ndiyo. Mtoe.

Najua tulivyofundishwa: kwenye magonjwa ya akili, historia tunaichukua kwa mgonjwa na kwa ndugu. Ni kweli, na kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa hatuwezi kufanya vingine. Lakini mchukulie historia ndugu kwa wakati wake na mgonjwa kwa wakati wake. Kinachonichosha ni kuingia chumbani nikakuta mama ameinamisha kichwa na baba anajibu kila swali, mpaka tarehe yake ya mwisho ya hedhi. Muuguzi anaandika tu. Tena wanamsifia: mume mpole, anamjali mkewe, amembebea hadi mkoba. Mume anayemjibia mkewe kila kitu ni dalili. Iandike kama unavyoandika presha.

Kuna jambo la hapa kwetu linalonikera zaidi. Nchi nzima inajua jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, na watu wamelifanya tusi. Wapo wanaume wanaomwambia mke, "Ukifungua mdomo nitakupeleka Mirembe, nani atamwamini kichaa?" Halafu kweli anamleta kliniki, anaeleza kwa utulivu kwamba mke anaongea peke yake na anatupa vyombo, na sisi tunaandika alichosema neno kwa neno. Tukishaandika, karatasi ile inakwenda kutumika kumnyang'anya watoto au shamba la zabibu walilolima wote. Tumemsaidia nani hapo?

Nikimtoa si atashtuka, akampige zaidi?

Atashtuka ukimtoa yeye peke yake. Fanya iwe utaratibu wa kila mgonjwa, kila siku, mwanaume kwa mwanamke. Bandika tangazo mlangoni: mgonjwa huonwa kwanza peke yake. Hapo unamwambia tu, "Baba, subiri kidogo kwenye benchi, ndio utaratibu wetu, nitakuita na wewe nikusikilize." Akigoma, mpeleke mama kupima uzito, au maabara atoe mkojo, au chumba cha sindano. Dakika tano zinatosha kuanza. Ikishindikana kabisa, usiulize siku hiyo. Mpe tarehe ya karibu.

Na kama aliyemleta ni mama mkwe, wifi, au mama yake mzazi?

Mtoe. Mama mzazi naye anaweza kuwa ndiye aliyemwambia avumilie kwa sababu mahari imeshaliwa. Mtoto anayejua kusema, mtoe pia. Atakwenda kusimulia nyumbani bila kujua anafanya nini. Na kama mgonjwa anajieleza vizuri kwa Kigogo au Kirangi tu, mkalimani awe mhudumu mwenzako. Sio wifi.

Akishasema, nifanye nini?

Sikiliza. Weka kalamu chini. Muulize anahitaji nini leo. Mwambie kosa si lake na kwamba unamwamini. Angalia usalama wake. Kisha muunganishe na wanaoweza kumsaidia: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kituo cha mkono kwa mkono, pale mtu anapopata huduma zote mahali pamoja, kama hospitali ya karibu inacho. Kama watoto nao wanapigwa, kuna Simu ya Mtoto, namba 116, haitozwi.

Usimwambie "Ulimfanya nini?" Usimwambie "Ndoa ndivyo zilivyo, mama, vumilia." Mwaka fulani mapema kwenye kazi hii, kituo sikitaji, niliyasema maneno hayo mimi mwenyewe na niliona ni busara. Yule mama aliitikia, akasema asante, akajifunga kanga yake vizuri. Hakurudi tena kliniki.

Si bora niwaite wote wawili niwapatanishe?

Hapana.

Nalijua jibu linalofuata: "Lakini sister, sisi Waafrika mambo tunayamaliza kwa kukaa." Hapana. Anachokisema mke mbele yako saa nne asubuhi, anakilipia nyumbani saa tatu usiku. Ukiwaita pamoja, ama atakana kila kitu, na wewe utaandika kwamba hakuna tatizo, ama atasema ukweli na wewe utakuwa umemchongea. Kikao ni cha watu walio sawa waliokosana. Hawa hawajakosana, mmoja anamwogopa mwenzake.

Baraza la usuluhishi la ndoa lipo kisheria na lina kazi yake pale mtu anapodai talaka. Kliniki si baraza. Usimpigie mume simu "umwelimishe". Usimtume mwenyekiti wa mtaa. Usimwambie mchungaji au sheikh bila ridhaa ya mgonjwa, hata kama ni ndugu yako na ana hekima. Hapana ni hapana.

Nitajuaje kwamba yuko kwenye hatari kubwa?

Muulize: vipigo vinaongezeka? Ameshatishia kukuua? Ameshashika panga au kisu? Amekupiga ukiwa na mimba? Ameshakukaba koo? Hilo la mwisho wengi hawaliulizi, na ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Aliyekabwa anaweza asiwe na alama hata moja shingoni, na bado mishipa ya shingo ikawa imeumia, akapata kiharusi siku zinazofuata. Sauti imekwaruza, anameza kwa shida, alipoteza fahamu au alijikojolea alipokabwa: mpeleke hospitali leo.

Na kumbuka, siku anayotangaza kwamba anaondoka ndiyo siku ya hatari. Kwa hiyo usimsukume aondoke ukadhani umemwokoa. Akitaka kurudi nyumbani, ni mtu mzima, anaijua nyumba yake kuliko wewe. Panga naye: kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima na kadi za kliniki za watoto viwe mahali pamoja, nauli kidogo kwa jirani anayemwamini, na tarehe ya kurudi kwako.

Akiwa amebakwa na mumewe au ameumizwa leo, nimtake alete PF3, ile fomu ya polisi, kwanza?

Matibabu ya dharura hayasubiri fomu. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Za kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Ukimzungusha kutafuta fomu kutoka kijijini hadi mjini, saa hizo zinakwisha yuko kituo cha basi. Mtibu, na PF3 itafuatiliwa akitaka kushtaki.

Niandike wapi?

Kwenye faili linalobaki kituoni. Usiandike kwenye lile daftari analorudi nalo nyumbani! Mume anaweza kulisoma. Andika maneno yake kama alivyoyasema, majeraha na mahali yalipo. Wala usimtumie meseji ya kumkumbusha kliniki kabla hujamuuliza simu anashika nani.

Vipi wanaume wanaopigwa?

Wapo, na aibu inawafunga mdomo. Utaratibu ni uleule, pamoja na kumtoa nje mke aliyemleta.

Semina ya siku mbili inatosha?

Haitoshi. Mtu anasaini posho, anakula wali kuku, anapewa cheti, Jumatatu anamhoji mgonjwa mbele ya mume. Ninachowaomba waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, ni mazoezi: muuguzi mmoja awe mgonjwa, mwingine awe mume mkaidi, mwingine ajaribu kumtoa, wenzake wakimtazama. Wanacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu ulimi umezoea. Kisha kila mwezi mkubwa wa kitengo achukue mafaili kumi aangalie kama swali liliulizwa, na mgonjwa akiwa na nani.

Kituo chetu kina chumba kimoja, tunakaa wahudumu wawili, na mlango haufungi. Tufanyeje?

Mwenzako atoke akanywe chai. Weka kiti nyuma ya mlango. Kama na hilo haliwezekani, kuna mwarobaini nyuma ya jengo kwenye zahanati nyingi nilizofika; peleka viti viwili kule, mgonjwa akae ameupa mgongo uwanja, ili mume aliye kwenye benchi asione hata midomo yake ikicheza.