Uchochoro wa Roshani: kwa nini Pompeii haichimbwi yote

Uchimbaji wa Pompeii, mji wa Kirumi uliozikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, ulianza mwaka 1748. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya mji huo ulio kusini mwa Italia bado imelala chini ya udongo. Watu hudhani ni uhaba wa fedha. Fedha zina sehemu yake, lakini sababu kubwa ni kwamba ukuta ukishafukuliwa huanza kuliwa na mvua, jua na mizizi, na lazima utunzwe daima.

Hata uchimbaji maarufu wa eneo liitwalo Regio V, ulioshika kasi mwaka 2018, haukuanza kwa kusaka hazina. Kingo za ardhi isiyochimbwa zilikuwa zikiegemea kuta za kale, na kila zikilowa zilizidi kuzisukuma. Ilibidi zichongwe ziwe na mteremko mdogo. Wanaakiolojia walipoufukua udongo huo, ukajitokeza uchochoro wenye nyumba za roshani, na kwenye roshani mitungi bado imo. Ukapewa jina la Vicolo dei Balconi, yaani Uchochoro wa Roshani. Ghorofa za juu ni nadra kusalia Pompeii, na wachimbaji wa zamani, waliokimbilia sanamu na michoro, hawakuzijali sana.

Njia iliyozikwa husomwa kinyumenyume. Juu upo udongo wa mashamba ya karne za baadaye. Chini yake jivu gumu la mawimbi ya moto yaliyoshuka mlimani. Chini zaidi vijiwe vyepesi vyenye vitundu, vilivyonyesha kwa saa nyingi kabla ya mawimbi hayo. Mwisho kabisa ndipo mawe ya barabara. Kila tabaka hupimwa, huchorwa na kupigwa picha kabla mwiko haujagusa linalofuata, maana likishaondolewa halirudi.

Uvumilivu huo ulilipa mwaka 2020, kwenye kona ya uchochoro huo. Hapo palikuwa na kibanda cha chakula, tuseme mama ntilie wa Kirumi: kaunta iliyopakwa rangi, yenye mitungi iliyojengewa ndani. Udongo wa mitungini ulipochunguzwa, yakapatikana mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Kwenye kaunta wamechorwa bata, na pia mbwa aliyefungwa mnyororo; mtu fulani akakwangua tusi pembeni ya picha hiyo. Mimi tusi hilo nalithamini kuliko dhahabu, kwa sababu maisha ya wenye majumba tunayafahamu vya kutosha.

Mawe yenyewe ya barabara nayo yana habari. Mtafiti Eric Poehler alichunguza jinsi magurudumu ya mikokoteni yalivyokwangua kingo za njia za Pompeii, akaonyesha kwamba baadhi ya mitaa ilikuwa ya kupita upande mmoja tu.

Mwaka 2018, katika nyumba moja ya Regio V, ulionekana mstari ulioandikwa ukutani kwa mkaa ukitaja tarehe 17 Oktoba, bila mwaka. Kwa muda mrefu mlipuko ulihesabiwa kuwa wa tarehe 24 Agosti, kwa kufuata nakala za barua ya Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeushuhudia. Lakini mkaa hufutika upesi, hivyo huenda mstari huo uliandikwa muda mfupi tu kabla ya mlipuko. Wengi sasa wanaelekea kusema ulitokea wakati wa vuli, ingawa mjadala haujafungwa. Wachimbaji wa karne ya 18, kwa haraka zao, wangeufuta mkaa huo kwa brashi moja.