Asiyeona hawezi kompyuta? Si kweli

Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu ya wazazi: mtoto asiyeona asihangaishwe na sayansi ya kompyuta, maana kompyuta inataka macho. Si kweli.

Programu huandikwa kwa maandishi, na maandishi husomeka kwa sauti au kwa vidole kwenye kifaa cha nukta nundu. NVDA, programu ya bure inayosoma skrini ya kompyuta kwa sauti, ilianzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia.

Hakikisha mwenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu, washa TalkBack, programu inayosoma skrini ya simu kwa sauti, kisha fumba macho. Gusa alama mara moja, utasikia jina lake. Gusa mara mbili, itafunguka. Mwanzoni utapapasa sana. Aliyeizoea huisikiliza kwa kasi ambayo wewe hutashika neno.

Kinachotuchanganya ni kioo. Tunadhani ndicho kompyuta yenyewe. Tena shule ikikosa vifaa, kijana akikwama, lawama huangukia macho yake. Hilo linaniuma.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mrudishie aliyeutuma hatua za TalkBack, ajaribu.