Malaria gani? Mambo tunayochanganya kuhusu vimelea vyake

Nafanya kazi maabara, kwa kliniki moja ndogo hapa Nairobi, na kila Januari benchi letu la nje hujaa. Watu wameenda ushago Krismasi, Siaya, Busia, Homa Bay, wengine Kilifi na Kwale, wamerudi mjini na baada ya wiki moja au mbili viungo vinaanza kuuma, kichwa kinagonga, mtu anatetemeka baridi saa saba mchana na jua limewaka. Wanatobolewa kidole, wanangoja, na karatasi ikitoka swali ni lile lile, "niko nayo ama sina?" Karibu hakuna anayeuliza ni malaria gani. Na hilo ndilo swali natamani kila mtu aulize, juu jina la kimelea ndilo linaamua dawa utakayopewa, linaamua kama ugonjwa unaweza kurudi bila mbu kukuuma tena, na hata linaamua kama kile kipimo cha haraka kitakiona au kitakipita tu.

"Malaria ni malaria, mdudu ni mmoja"

Hapa ndipo makosa mengine yote yanaanzia. Kwanza hilo neno mdudu linatuponza, manake mbu tunamwita mdudu na kile kimelea kilicho ndani ya damu pia tunakiita mdudu, mwisho mtu anadhani ni kitu kimoja. Mbu ni mbebaji, tena ni jike wa Anopheles peke yake. Wale wanaotulilia masikioni usiku kwa hizi ploti zetu, wanaozaana kwa mitaro michafu, wengi ni Culex na hao malaria hawaambukizi. (Lakini kuna Anopheles stephensi, mgeni kutoka Asia anayependa matangi na mapipa ya maji ya mjini, na ameshapatikana Marsabit. Huyo akishuka hadi huku tutakuwa na shida, nasema hivyo kwa uchungu.)

Kimelea chenyewe kiko kwa jenasi ya Plasmodium, na hiyo jenasi ina spishi zaidi ya 100, kuna za ndege, za mijusi, za nyani, za popo. Zinazoshika watu kwa kawaida zinahesabiwa tano: falciparum, vivax, malariae, ovale na knowlesi. Huku Kenya falciparum ndiyo imejaa, na ndiyo inaua zaidi, kwa hivyo wengi wetu tukisema malaria tunamaanisha falciparum bila kujua.

Sasa ukikaa na hadubini utaona venye hizi spishi hazifanani hata kidogo. Tone moja la damu tunaliacha nene, lingine tunalitandaza jembamba, lile jembamba tunaligandisha kwa kioo na methanoli, halafu rangi ya Giemsa, halafu tone la mafuta na lenzi ya 100. Lile nene linakusaidia kugundua kama kuna kitu, lile jembamba ndilo linakuambia ni nani. Falciparum changa ni kama pete nyembamba ya bluu yenye kito chekundu, unakuta pete mbili tatu ndani ya seli moja, na ikikomaa ile hatua ya kumngoja mbu inajikunja kama mundu. Jina lake lenyewe limetoka kwa neno la Kilatini la mundu. Malariae inajinyoosha katikati ya seli kama mkanda kiunoni. Ovale inaivuta seli inakuwa kama yai, ukingo umechanika kama pindo la leso kuukuu. Vivax inaifanya seli ivimbe kuliko jirani zake, ijae madoa ya waridi, na kimelea chenyewe kimesambaa hakina umbo.

"Ikirudi ni dawa feki, ama mbu amekuuma tena"

Jirani yetu mmoja ni dereva wa lori, hupanda hadi Moyale akavuka Ethiopia, analala huko siku kadhaa anarudi. Alishikwa na malaria, akapewa zile dawa za siku tatu ambazo wengi wanaziita AL, vidonge 24 kwa mtu mzima, akamaliza vyote akapona kabisa. Miezi miwili ikapita, homa hiyo tena. Akaambiwa labda hakumaliza dozi. Akanunua tena, akameza mbele ya mkewe, akapona. Ikarudi mara ya tatu na hapo akaenda kugombana na mtu wa duka la dawa kwamba anamuuzia vidonge feki, walirushiana maneno mpaka watu wakajaa mlangoni, na yule wa duka hakuwa na kosa lolote.

Alikuja kwetu akiwa amechoka na maisha. Nilisoma slaidi yake mwenyewe na nakumbuka kabisa ile seli ya kwanza, kubwa, imevimba, imejaa yale madoa ya waridi. Nikaita mwenzangu aangalie. Vivax.

Vivax na ovale zina tabia ambayo falciparum haina. Mbu akikuuma vimelea vinaingia kwanza kwa ini, na kwa hizi mbili baadhi yake havitoki na wenzake, vinalala humo humo, vinaitwa hipnozoiti. Vinaweza kulala wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka, halafu vinaamka vinaingia kwa damu na wewe unaanza kutetemeka upya ukiwa Umoja ama Rongai ambako hujaumwa na Anopheles yeyote. AL inaua vilivyo kwa damu na ilifanya kazi yake vizuri kwa huyu mzee mara zote, lakini vilivyolala kwa ini haivigusi. Hapo inahitajika primakwini, kwake ilikuwa ya siku 14, na kabla ya kupewa ni lazima kupimwa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, juu aliyepungukiwa nacho seli zake nyekundu zinaweza kupasuka akikunywa hiyo dawa. Mama mjamzito hapewi kabisa. Ndio maana msikimbie kuinunua barabarani, tafadhali. Jirani alipimwa, akapewa, na hajarudi na hiyo homa tena. Angeulizwa siku ya kwanza ametoka wapi, na slaidi ikasomwa mpaka jina, angeokoa karibu nusu mwaka.

Malariae nayo hailali kwa ini lakini inaweza kubaki kwa damu kidogo kidogo miaka mingi sana mtu akitembea tu mzima. Na falciparum ikirudi baada ya wiki mbili tatu, hapo ndio uwaze kama dawa haikuimaliza, labda zilirukwa, labda zilitapikwa, labda zilimezwa tumbo tupu wakati AL inataka chakula chenye mafuta.

"Kipimo kimesema hakuna, basi hakuna"

Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia Afrika vinatafuta protini moja inaitwa HRP2, na hiyo inatengenezwa na falciparum pekee. Ukiwa na vivax, ovale au malariae, hicho kipimo kitakaa na mstari mmoja na utaambiwa huna kitu. Kuna vingine vyenye mstari wa ziada wa kushika spishi zote, kwa hivyo si vibaya kuuliza ni gani wametumia. Isitoshe kuna falciparum zimepoteza hiyo jeni ya HRP2 kabisa, Eritrea na Ethiopia zimeonekana, hizo zinapita chini ya kipimo kama hazipo.

Na kinyume chake pia ni kweli, HRP2 hubaki kwa damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Mtu amepona, anajipima tena kwa wasiwasi, mistari miwili, anaanza dozi nyingine ya bure. Kama ulitibiwa juzi na unataka kuhakikisha, omba slaidi.

"Niko na malaria plus tatu, ndiyo ile mbaya"

Zile alama za kujumlisha ni idadi, hazisemi spishi. Alama moja ni kimelea 1 hadi 10 kwa maeneo 100 ya lenzi (eneo ni kile kiduara unachokiona ukichungulia hadubini), mbili ni 11 hadi 100 kwa hayo maeneo 100, tatu ni 1 hadi 10 kwa kila eneo, nne ni zaidi ya 10 kwa kila eneo. Basi. Na hata hiyo idadi usiiamini sana kwa falciparum, nitaeleza hapa chini kwa nini.

"Malaria ya kichwa iko na mdudu wake tofauti"

Hapana, ni ile ile falciparum. Seli iliyoshikwa nayo inaota vijinundu vya kunata, inajibandika kwa kuta za mishipa midogo ya damu, na ikijibandika kwa ubongo mtu anachanganyikiwa, anapata degedege, anazimia. Wazazi wengi wakiona mtoto anatupa mikono wanafikiria mapepo au uchawi na masaa yanapotea hapo, na mtoto kama huyo anahitaji sindano ya artesuneti hospitalini, vidonge havitoshi.

Huko kujibandika ndiko kunafanya slaidi ya falciparum ionyeshe pete changa na mundu tu, zile za katikati zimejificha ndani ya viungo. Kwa hivyo unaweza kuhesabu chache kidoleni na mgonjwa yuko kwa hatari kubwa. Mimi nikiona falciparum na alama moja na mgonjwa anaongea maneno hayaeleweki, sikai kungoja foleni, naenda kwa daktari na karatasi mkononi.

"Kama homa haiji kwa saa zake, si malaria"

Camillo Golgi, yule Mtaliano, miaka ya 1880 alionyesha kwamba homa inapanda wakati vimelea vinapasua seli, na kwamba kuna aina inayopasua kila saa 48 na nyingine kila saa 72, hiyo ya 72 ndiyo malariae. Ni kazi nzuri sana na ilikuwa njia mojawapo ya mwanzo ya kuzitenganisha. Lakini falciparum mara nyingi homa yake haina ratiba, inawaka siku nzima, na mgonjwa akianza dawa mapema hiyo ratiba hutaiona kamwe.

"Ni bakteria, ama virusi, si ziko pamoja na taifodi"

Taifodi ni bakteria, Salmonella, inaingia kwa mdomo kupitia chakula na maji. Plasmodium si bakteria wala virusi wala mnyoo, ni kiumbe cha seli moja chenye kiini kama seli zetu, na ndugu yake wa karibu ni yule Toxoplasma wa paka. Ajabu ni kwamba ndani yake kina kijisehemu kinaitwa apikoplasti, mabaki ya mwani ambao mababu zake waliumeza zamani za kale, ni kama kimelea kina damu ya mmea. Doksisaikilini inapiga hapo hapo, ndio maana antibayotiki inaweza kutumika kujikinga na malaria ingawa malaria si bakteria. Kunyeshewa na mvua na kula maembe mabichi havileti malaria.

"Vivax haishiki Mwafrika"

Wengi wetu tuna seli nyekundu zisizo na alama ya Duffy, ambayo vivax huitumia kama mlango, na hiyo inatukinga sana. Lakini si ukuta, vivax imepatikana kwa watu wasio na Duffy, Madagaska na Ethiopia ikiwemo, kwa hivyo mtu wa maabara asikatae anachokiona kwa sababu ya rangi ya mgonjwa.

"Ni ugonjwa wa binadamu pekee, na majina yalishamalizwa kitambo"

Knowlesi ni ya nyani wa Asia Kusini Mashariki, na ni mwaka 2004 tu ndio watu wa Sarawak, Malaysia, walionyesha kwamba visa vingi vya huko vilivyokuwa vinaandikwa malariae kumbe ni yenyewe, juu kwa hadubini zinafanana sana ilhali knowlesi inazaana kila saa 24 na inaweza kuua. Falciparum yenyewe chanzo chake ni sokwe wakubwa, gorila, hiyo ilionekana kwa vinasaba mwaka 2010.

Ovale nayo ilielezwa na J. W. W. Stephens mwaka 1922 kutoka kwa damu ya mgonjwa aliyekuwa ametoka huku kwetu Afrika Mashariki, ikakaa jina moja karibu miaka 90, kisha 2010 hiyo hiyo ikagundulika ni spishi mbili zinazoishi pamoja bila kuchanganya mbegu, curtisi na wallikeri. Zote mbili ziko Afrika. Seli ni yai lile lile, pindo limechanika vile vile, DNA pekee ndiyo inazitenganisha na hiyo mashine kwetu haiko, kwa hivyo nikikuandikia ovale kwa karatasi yako ujue hapo ndipo hadubini yetu inafika.